Sista Phylis na Mguu Uliobaki

Ijumaa tarehe 30 Novemba 2007, Bi. Phylis Ndulu atastaafu baada ya kuitumikia zahanati yetu ya Kitengela kwa miaka kumi na sita na miezi kumi. Aliajiriwa Februari 1991 akiwa muuguzi wa kawaida, na anaondoka akiwa mwanzilishi na msimamizi wa Huduma ya Miguu Nyumbani. Sisi wote humwita Sista Phylis. Kamati ya kijarida hiki iliniomba niandike wasifu wake kwa sababu, walisema, mimi ndiye ninayejua mambo ya watu. Sikukasirika. Nimekaa mapokezi tangu 1995, na kusema ukweli, udaku kidogo ni sehemu ya kazi.

Kuna jambo moja ambalo limekuwa likiniwasha. Sista Phylis alitimiza miaka hamsini na mitano, umri wa kustaafu, mwaka wa 2005. Akaomba aongezewe miaka miwili, akapewa. Agosti mwaka huu akaomba mingine, na sote tulijua atapewa. Halafu Alhamisi tarehe 18 Oktoba, saa mbili asubuhi, akaja dirishani kwangu, uso umekunjuka, akaitisha fomu ya kustaafu. Aliijaza papo hapo akiwa amesimama, akaenda zake na kalamu yangu. Ni nini kilichombadilisha ghafla namna hiyo? Nikaanza kuulizauliza.

Kwanza turudi nyuma. Mwaka wa 1992 Sista Phylis aligundua kwamba wenye miguu mibaya zaidi hawakuonekana kwenye foleni yetu. Wangefikaje, na shida yenyewe ni miguu? Akaomba kupelekwa mafunzo ya miezi sita Nairobi, akarudi na mkoba mweusi, akaanza kuwafuata wagonjwa walipo: Kitengela, Isinya, hadi Kajiado mjini. Wengi wao walikuwa na ugonjwa wa sukari, ambao huua hisia kwenye nyayo. Mtu wa namna hiyo anaweza kukanyaga msumari na kuendelea kupiga gumzo kana kwamba hakuna kitu.

Wanaotembelewa mara ya kwanza hutaka kujua watafanyiwa nini, nami nimewaeleza hadi nikakariri. Sista haanzi na mguu. Huomba kuonyeshwa viatu vyote, vya shamba na vya choo pia, kisha huingiza mkono ndani ya kila kimoja na kupapasa polepole. Baadaye humwambia mgonjwa afumbe macho, kisha humgusa nyayo hapa na pale kwa uzi mgumu wa nailoni na kumuuliza kama amesikia. Huweka vidole viwili juu ya mguu kutafuta mpigo wa damu. Hutenganisha vidole kimoja kimoja akimulika kwa tochi. Kucha huzikata zikanyooka bila kuzungusha pembe, na ngozi ngumu huisugua kwa tupa, kamwe si kwa wembe. Maji ya moto hayataki kabisa, maana mguu usiosikia utaungua huku mwenyewe akitabasamu. Kazi yote huchukua kama dakika arubaini na tano. Chai hukataa mpaka anawe mikono, halafu hunywa vikombe viwili.

Vituko havikukosekana. Mzee Kiragu, mwenye ploti zile za karibu na barabara ya Namanga, alipoambiwa alete viatu vyote alileta jozi kumi na moja, na moja ilikuwa ya marehemu baba yake. Sista alizipapasa zote kwa heshima. Huko upande wa Isinya, wazee wa boma moja walimsalimu kwa Kimaasai, wakamtazama akifanya kazi kwa muda mrefu, kisha wakamletea ng'ombe anayechechemea. Alitoa mwiba kwenye kwato, akapaka dawa, akaandika kwenye rejista yake: mgonjwa mmoja, miguu minne.

Lakini sikuweza kuelewa ile fomu mpaka nilipokumbuka mwaka wa 1996.

Mama Mwanzia aliuza vitunguu na nyanya kutoka Kimana katika soko letu la Kitengela. Alikuwa na sukari, na Sista alikuwa akimtembelea kila mwezi kwa siku iliyojulikana. Sasa, sote tunajua mgeni akitarajiwa nyumba hufanywa nini. Binti zake walimwosha mama yao miguu, wakaipaka Vaselini ikang'aa, wakamvalisha soksi mpya na viatu vya kanisani. Zile akala zake za tairi, alizozivaa sokoni kutwa nzima, zilifichwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa aibu sista wa hospitali azione. Sista alikuta miguu safi na viatu vizuri, akaridhika, akanywa chai. Msumari wa akala ya kushoto ulikuwa umetokeza ndani, na ulikuwa ukimchoma Mama Mwanzia kila hatua bila yeye kusikia, chini ya kisigino, mahali ambapo mafuta yalikuwa yamefunika tundu dogo.

Agosti mwaka huo mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Daktari aliiambia familia bila kuficha kwamba mguu mmoja ukienda hivyo, wa pili mara nyingi huufuata, pengine baada ya miaka mitatu, pengine mitano.

Sista Phylis aliandika barua ya kuacha kazi. Najua kwa sababu niliipiga chapa mimi. Nilimhurumia sana, na wakati huohuo nilikuwa na hasira naye, ingawa sikujua ni ya nini. Kabla barua haijafika kwa msimamizi, pikapu ya vitunguu ilisimama nje na Mama Mwanzia akashuka kwa magongo mawili. Aliketi kwenye benchi langu, akamwitisha Sista, ambaye alikuwa amejifungia stoo ya dawa. Alipotoka hatimaye, macho chini, Mama Mwanzia hakumlaumu na wala hakumfariji. Alimwambia tu kwamba yeye bado ako na mguu mmoja, na akataka kujua huo nani atauangalia. Kisha akauliza kama itambidi akae hapo mpaka jioni akisubiri kukaguliwa.

Barua niliichana mwenyewe. Tangu siku hiyo Sista hakutaja tena siku atakayomtembelea mtu yeyote. Alitokea tu, na akikuta mtu amevaa viatu vya kanisani siku ya Jumanne, alicheka na kuuliza vingine viko wapi. Watu walinung'unika dirishani kwangu kwamba amekosa adabu kuingia nyumba za watu bila taarifa. Niliwajibu kwamba adabu ndiyo iliyomkata Mama Mwanzia mguu. Labda nilikuwa mkali kupita kiasi.

Mguu wa kulia aliuangalia kila wiki mbili. Miaka mitatu ikapita, mitano ikapita, kumi ikapita. Mama Mwanzia alirudi sokoni na mguu wa bandia na kiatu cha ngozi laini ambacho Sista alikikagua kuliko mlinzi wa benki. Simu za mkononi zilipoingia, Mama Mwanzia alinunua yake, akawa anampigia Sista kumweleza hali ya kidole kidogo. Kwa hesabu yangu, ule mguu mmoja umetembelewa zaidi ya mara mia mbili na themanini.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwa nini hakutaka kustaafu. Kwa miaka hiyo tulimpa wauguzi wawili wa kumsaidia, vijana wazuri, na kila mmoja alifundishwa. Sista alikuwa na mtindo wake: akimaliza kukagua mguu, anamwambia mwenzake aukague upya kana kwamba haujaguswa. Wote wawili, kila mara, walikuta yaleyale aliyoyakuta yeye. Alipolalamika kwangu nilimshangaa, nikasema hiyo si habari njema? Akanijibu kwamba hawaangalii mguu, wanamwangalia yeye. Ni nani kati yetu anayeweza kumwambia mama wa umri wake kwamba amekosea? Alijua pia, ingawa hakusema, kwamba macho yake si yale ya zamani.

Mwaka jana alikuja Waruguru, muuguzi wa tatu, binti kutoka Matasia, mpole hata nilidhani atamezwa. Jumatano tarehe 17 Oktoba walikwenda pamoja kwa Mama Mwanzia. Yaliyotokea nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kivyake, nami nimeyapatanisha.

Sista alikagua ule mguu, akasema uko sawa. Waruguru akaketi akaurudia. Alipofika kati ya kidole cha nne na kile kidogo alisogeza tochi karibu. Akamulika tena, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna ufa hapa, na ndani una unyevu. Sista alichukua tochi, akatazama, hakuona kitu. Waruguru angeweza kusema pengine ni kivuli, na kila mtu angekwenda nyumbani. Badala yake alimwomba Sista avae miwani. Sista akavaa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, na ndipo akauona, mwembamba kama uzi.

Waruguru anasema aliogopa kuliko siku ya mtihani. Mama Mwanzia anasema alitazama nyuso zao, maana yeye hakusikia lolote mguuni. Sista aliketi kwenye kiti cha mbao akacheka, akacheka hadi machozi yakamtoka, akamshika Waruguru mkono na hakuuachilia kwa muda. Wakausafisha ule ufa, wakaukausha, wakaupaka dawa. Kesho yake asubuhi Sista alikuwa dirishani kwangu.

Ufa umefunga, nimethibitisha. Wiki iliyopita Waruguru alikwenda peke yake, bila kutoa taarifa, na Mama Mwanzia alilalamika kwamba huyu msichana ni msumbufu kumshinda yule wa kwanza.

Sista Phylis, asante kwa miaka yako na kwa kilomita zako zote. Nenda Machakos ukapande maembe yako na upumzike kweli, usitupigie simu kila Jumatano. Tunakuombea afya na furaha nyingi. Ule mguu uko na mtu.

Nanjala, Mapokezi