Kompyuta Isiyovuma ya Rodi Kopany

Kama ulipita Rodi Kopany mwaka wa tisini na sita, ukitokea Homa Bay kwenda Rongo, uliliona lile benchi lililoegemea ukuta wa mabati wa ofisi ya Rispa, mwandika barua. Hukupata pa kukaa, kwa maana hilo lilikuwa na wenyewe kutwa nzima. Upande wa kushoto alikaa Onyango, aliyeitwa Breki kwa sababu aliendesha lori miaka kumi na minane mpaka siku breki zilipomkataa. Katikati alikaa Machuki, Mkuria wa Migori aliyeitwa Barafu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuleta barafu ya samaki kwa mkokoteni, na barafu ikishayeyuka hana kazi. Kulia alikaa Nicodemus, mwalimu mstaafu, ambaye mji mzima ulimwita Japuonj, yaani mwalimu, kwa heshima na pia kwa kukumbuka fimbo yake. Issack, muuza kahawa, aliwamiminia kahawa chungu ya tangawizi kutoka birika lake, na Joash, fundi wa redio, alikuwa na meza yake hatua mbili tu kutoka hapo. Nyuma ya mabati, kompyuta ya Rispa ilikuwa inavuma kama posho mill, kinu cha kusagia mahindi.

Zamani Rispa alipiga barua kwa taipureta, na taipureta ina adabu: mteja akiongea, inanyamaza. Hii kompyuta ilitoka kwa ofisi moja iliyofungwa Kisumu, nayo haikunyamaza kwa ajili ya mtu yeyote. Kuizima hakukuwezekana, maana ikizimwa ilichukua robo saa kuamka na wakati mwingine iliamka na hasira. Basi mteja ilimbidi apige kelele ili Rispa amsikie, na benchi likasikia kila kitu.

— MWANDIKIE SHEMEJI, mama mmoja alikuwa analia ndani. MWAMBIE NG'OMBE NI WANGU!

— Ng'ombe gani? Rispa akapaza sauti.

— YULE WA PEMBE MOJA!

— Si nilisema? Machuki akanong'ona huku nje, akipuliza kahawa. Nilisema huyo wa pembe moja ataleta maneno.

Wenzake walicheka. Nicodemus hakucheka. Yeye alikuwa na barua yake moja, na haikuwa barua ya kupigiwa kelele.

Miaka mitatu nyuma mkewe alifariki, na binti yao Liz, nesi huko Nakuru, alifika siku mbili baada ya mazishi. Habari alizipata kwa mtu wa stendi. Nicodemus alimsimamisha pale langoni mbele ya waombolezaji, akamwambia arudi alikotoka, kwani mtoto aliyeitwa kwa telegramu akakawia si mtoto. Liz akageuka na begi lake, na tangu siku hiyo hajatia mguu. Halafu Krismasi iliyopita mzee alipekua mfuko wa koti lake jeusi, akaikuta fomu ya telegramu imekunjwa mara mbili, jina la Liz juu yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Haikuwahi kufika posta. Ilikaa mfukoni siku ya mazishi, ikakaa mfukoni alipokuwa anamfukuza.

Kuandika mwenyewe hakuweza. Mkono wa kulia, baada ya miaka thelathini na miwili ya chaki, ulikuwa unatetemeka hata Issack alimjazia kikombe nusu. Utasema, si angemwita Rispa kando? Rodi haina kando. Ukimwita mwanamke kando Jumatatu, Jumanne watu wanakuuliza mahari ni ng'ombe wangapi.

— Joash, akasema siku hiyo, haiwezekani mtu kuunda kompyuta ambayo haipigi kelele?

Joash aliweka chini bisibisi.

— Japuonj, mwenye kelele si kompyuta, ni feni. Huko ndani kuna kitu kidogo kama biskuti, ndicho kinafikiria. Kikifikiria kinashika moto. Feni isipokipuliza, kinaungua. Na hiyo feni ni ndogo, hivyo lazima ikimbie mbio. Saa hii ongeza joto la mabati ya Rispa.

— Yaani ukitaka baridi unapata kelele.

— Na ukitaka kimya unapata moto.

— Lori langu halikuwa na hayo mashida, akasema Onyango. Lilikuwa na radieta. Unatia maji, unaenda mpaka Malaba. Wahenga walisema, maji ya moto hayachomi nyumba.

— Walikuwa wanasema juu ya radieta? akauliza Issack.

— Ulitaka waseme juu ya nini?

— Wacha mimi niwaambie, akasema Machuki. Debe tupu haliachi kuvuma. Si mmeona Joash akifungua lile sanduku? Ndani ni tupu, nafasi kubwa hivi! Lijazeni, litanyamaza.

— Lijazwe na nini, omera, ndugu yangu? akauliza Onyango.

— Hata magunia yangu.

Walidhani anatania. Kesho yake Rispa alipotoka kununua mandazi, Machuki aliingia akaifunika ile mashine kwa magunia yake mawili ya barafu, akayafunga kwa kamba. Na kweli, mvumo ukafifia. Benchi zima likamtazama Machuki kwa heshima ambayo hajawahi kuipata, na Nicodemus akajikuta amesimama, neno la kwanza liko mdomoni. Dakika kumi hazikuisha, skrini ikaganda. Rispa alikuwa ameacha humo programu ya mazishi ya mzee mmoja wa Kanyada, na aliporudi na kuiwasha tena alikuta sehemu kubwa imepotea. Historia ya marehemu iliishia akiwa bado darasa la pili.

— Nani amefunika mashine yangu na gunia la samaki, gunia la omena? Rispa akatoka, mikono kiunoni.

— Si la omena, mama, akasema Machuki kwa upole. Ni la barafu.

Nicodemus alirudi kuketi. Ile barua ikashuka tena mahali pake, chini ya kifua.

Baada ya hapo maneno yakaota mabawa. Kulikuwa na alasiri moja ya mawingu, upepo unatoka upande wa ziwa, mvuke wa kahawa unapanda polepole, na watu wanaongea kama wako usingizini.

— Mimi nimeona dawa, akasema Onyango. Tuipeleke Kisegi. Tuizamishe ziwani ndani ya ndoo iliyozibwa na lami. Kule chini ni baridi na hakuna mtu wa kuisikia. Rispa anabaki hapa na vile vibonye vyake na waya mrefu.

— Kutoka Kisegi mpaka hapa? akauliza Joash.

— Waya ni waya tu. Simu inafika London.

— Barua zitapita ndani ya maji, akasema Machuki, macho ameyafumba. Samaki ngege watakuwa wanazisoma.

— Ngege anasoma? akauliza Issack.

— Unajua anafanya nini kule chini siku nzima?

Nicodemus alifumba macho naye, akaiona barua yake inateremka kwenye maji ya kijani, inapita katikati ya nyasi na samaki waliotulia, hakuna hata mmoja anayecheka. Alitamani sana iwe hivyo. Aliona Liz ameketi ufukweni, ameingiza mkono majini, anaipokea.

— Lakini mjihadhari, Onyango akamwamsha. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hiyo kompyuta ikinyamaza kabisa, jueni italipuka.

Kisha akamgeukia.

— Na wewe Japuonj, hicho kimya unakitakia nini hasa?

— Kwa ajili ya wajane, akasema Nicodemus. Si vizuri mjane kupiga kelele mambo yake.

Onyango alimtazama, akatazama kile kikombe cha nusu kinachotetemeka, akakishika, akakiweka chini.

Nicodemus alikuwa bado anauota ule upepo wa ziwa.

— Baba yangu alikuwa na ghala la mtama, akasema taratibu, kama anaongea na mvuke. Lile la kusuka, dero. Nafaka ukiirundika chini inashika joto, ukitia mkono unaungua. Lakini ghala lilikaa juu ya mawe, na kuta zake zinapumua. Hewa inaingia kwa chini, inatokea juu kwenye paa. Hakukuwa na feni. Nilikuwa nalala chini yake mchana wakati wa jua kali, na kulikuwa na baridi.

Joash aliacha kazi. Alikaa hivyo mpaka chuma cha kulehemu kikapoa mkononi mwake.

— Rudia hapo kwa mawe, Japuonj.

Rispa alikubali kuwapa mashine Jumamosi alasiri, kwa sharti kwamba Machuki akae mbali. Joash aliitoa kompyuta kwenye sanduku lake la chuma, akaisimamisha ndani ya sanduku la mbao lenye miguu minne, matundu yakiwa chini na juu. Juu ya ile biskuti inayofikiria alifunga kipande kikubwa cha alumini chenye mapezi mapezi, alichokikata kwenye amplifaya iliyokufa ya bendi moja ya benga.

— Hii ndiyo ilikuwa inapoza ile amplifaya iliyokesha na disko matanga, ngoma za usiku wa msiba, akasema. Iliyopiga kelele kuliko zote ndiyo itatuletea kimya.

— Inatosha? akauliza Nicodemus.

— Bado kidogo. Ingepata feni pana, inayozunguka polepole. Feni pana haihitaji mbio. Lakini nitaitoa wapi?

Onyango aliinuka, akaenda zake bila kuaga. Alirudi baada ya nusu saa na kitu kimefungwa kwenye taulo. Ilikuwa feni ya ndani ya lori lake, pana kama sahani ya ugali. Kila mtu alijua kwamba ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda chake tangu siku ya ajali, na kwamba nyumbani kwake hakuna hata stima.

— Hii inataka volti ishirini na nne, akasema Joash, akiigeuza. Kompyuta itaipa kumi na mbili.

— Kwa hivyo haitafanya?

— Itazunguka kama mtu aliyeshiba.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Onyango, na kwa mara ya kwanza mwaka huo methali yake ilikaa mahali pake.

Joash akaiwasha. Skrini iling'aa, herufi zikapanda. Ile feni pana ikaanza kuzunguka, unaweza kuhesabu mapanga yake. Walingoja mvumo. Dakika kumi zikapita, kisha saa nzima. Joash alitia mkono, akautoa, akatabasamu. Walisikia kuku akipekua takataka nyuma ya ofisi, na walisikia kwamba Issack hupumua kwa pua moja. Rispa alisimama mlangoni akajifuta macho kwa kanga, halafu akasema ni vumbi.

— Basi sasa, akasema Machuki.

— Basi sasa, akasema Onyango.

Hakuna aliyeinuka. Nicodemus alikuwa amekitafuta kimya hicho mwaka mzima, na sasa kilipofika kilimtisha. Ndani ya kelele mtu alikuwa na kisingizio.

Ndipo alipokuja Nyanchoka, mama wa ndizi kutoka Oyugis, mgeni kabisa kwenye benchi hilo. Alitua kikapu, akaona mlango wa Rispa uko wazi, akawaona wanaume wamepangana hapo nje, kila mmoja na kikombe.

— Hamjambo wazee. Hii ni laini ya barua, sivyo? Wa kwanza ni nani?

Machuki alitazama viatu vyake. Alikuwa na mama yake huko Kehancha, ambaye hakuwa amemwandikia tangu mwaka wa themanini na tisa. Onyango alikuna goti, akamkumbuka mtu aliyekuwa naye kwenye lori siku breki zilipokataa. Issack aliinamisha birika, zikatoka chicha tupu.

— Kahawa imeisha, akasema.

— Wa kwanza ni mimi, akasema Nicodemus.

Aliingia. Rispa alimvutia kiti, akaweka vidole juu ya vibonye.

— Sema tu polepole, Japuonj. Nakusikia hata ukipumua.

Hapo ndipo ilipomjia kwamba na wao wanasikia. Ukuta ni mabati, na huko nje hakuna aliyekuwa anaongea. Walikuwa wamekaa pale, masikio yao yote wazi, watu aliokunywa nao kahawa miaka yote, na yeye ni mwalimu wao. Aliona haya, akataka kuinuka.

— MACHUKI! Onyango akanguruma ghafla huko nje. WEWE ULISEMA NGEGE ANASOMA?

— ANASOMA! Machuki akajibu, kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

— KISWAHILI AU KIINGEREZA?

— INATEGEMEA ALISOMEA WAPI!

Joash akaanza kugonga bati kwa nyundo, bati ambalo halikuwa na kosa lolote. Issack akagonga birika tupu. Mama wa ndizi akauliza kama hawa wazee wana akili timamu, naye ikambidi aulize kwa kupiga kelele.

Rispa aligeuza kichwa, akataka kuwafokea. Kisha akamtazama mzee, akaelewa, akakisogeza kiti chake karibu.

Nicodemus aliinama mpaka mdomo ukafika karibu na sikio lake. Alitoa ile karatasi iliyokunjwa mara mbili, akaiweka juu ya meza, ambapo upepo wa feni ya lori uliigusa na kuiacha.

— Andika, akasema. Liz, nyathina, mtoto wangu. Ile telegramu sikuituma.