Tapeli Aliyeanza kwa Maombi

Sella alikuwa amefunga kompyuta kwa leso mapajani, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kilonzo, fundi wa kompyuta aliyeketi kando yake kwenye basi kutoka Kibera, akauliza, "Mathe, inaumwa?"

"Jamaa alinipigia, eti ina virusi. Nikamruhusu aingie kwa mtandao, akanifungia kila kitu."

"Na ukamwamini?"

"Si aliomba kwanza! Aliombea hadi kibodi."

Kilonzo akacheka mpaka kondakta akageuka. "Hiyo ni kufuta yote."

"Usifute! Humo kuna marehemu mume wangu Mukhwana akiimba."

Kicheko kikakatika. "Basi nitajaribu kunakili nyimbo kwanza. Lakini siahidi."

Basi liliposimama Gatina, penye karakana ya Kilonzo, Sella akashuka naye, kompyuta bado kifuani. "Ukimpata Mukhwana humo," akasema, "usimkatize. Mwache amalize wimbo."