Kilima cha Mashapo ya Kahawa

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya duka la vipuri vya baiskeli na ukuta wa kiwanda cha mbao. Lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Nimeuza kahawa hapo tangu nilipoacha shule kidato cha pili, mama alipoumia mgongo. Wateja wangu wa asubuhi ni watatu na hawaondoki. Profesa ni fundi cherehani. Alipewa jina hilo kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Breki aliendesha malori mpaka macho yakamkatalia. Kimya ni mlinzi wa usiku, na jina lake ni mzaha mtupu. Siku hiyo niliweka ubao wangu mwisho wa benchi: kilima kidogo, na reli imekizunguka. Mama mmoja anayetengeneza mifano ya treni na majengo alikuwa akitafuta mwanafunzi wa kazi. Aliniambia nimtengenezee kilima kwa vitu vya jikoni tu, angepita kukitazama. Udongo ulikuwa mashapo ya kahawa niliyoyaanika, nyasi majani ya chai yaliyokwisha kazi, kokoto maganda ya mayai, na mataruma yanayobeba reli njiti za kiberiti. Kilibaki kipande cha nyuma kisicho na udongo bado, kikubwa kama kiganja, nilichokuwa nimekipaka gundi ya unga muda huo huo.

Breki: Hiki nini, binti? Kichuguu?

Mimi: Kilima, mzee. Gundi mbichi hiyo. Naomba msiguse.

Breki: Nani aguse? (Kidole chake kilikuwa tayari kwenye nyasi.)

Profesa: Kina kasoro. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sasa mjenzi upo, miti iko wapi?

Mimi: Methali haimaanishi hivyo, Profesa.

Profesa: Ndiyo maana nakueleza.

Niligeuka kumhudumia mpita njia. Niliporudi, njiti tatu za ufagio zilikuwa zimesimama kileleni.

Kimya: Miti bila udongo? Mvua moja tu, chali! Lete hilo kopo la mashapo.

Mimi: Baba, huu ni ubao. Mvua itatoka wapi?

Kimya: Wote husema hivyo kabla ya mafuriko. Haba na haba hujaza kibaba.

Akamimina nusu kopo.

Profesa: Hapo sawa. Tena udongo wa kahawa ni dawa. Unadhani treni huchelewa kwa nini? Udongo wake umelala, nayo inasinzia. Hii haitasinzia.

Breki: Acheni kudanganyana. Kilima hushikiliwa na mawe, la sivyo hutembea. Mimi nililala chini ya mlima ukiwa kulia kwangu, nikaamka uko kushoto.

Profesa: Uligeuza lori.

Breki: Ningegeuzaje, nami nimelala?

Akamwaga maganda yote ya mayai yaliyobaki.

Kimya: Na mchwa je? Chai, unga, njiti! Si mmewapikia karamu? Wekeni maganda ya vitunguu. Mchwa huogopa kulia.

Profesa: Mchwa hana macho, bwana.

Kimya: Unafikiri yalikwenda wapi? Alilia yakaisha!

Maganda hayo nilikuwa nimeyabeba kwa ajili ya paa la stesheni ndogo niliyopanga kuiongeza. Nilimwona akiyatupia juu ya kilima.

Mimi: Wazee wangu, shule nilishaikosa. Na hii nayo mnataka niikose?

Breki: Hasira za nini, mwanangu? Tunakusaidia. Bandu bandu huisha gogo.

Mimi: Hiyo ni ya kupunguza, mzee! Ninyi mnaongeza!

Breki: Sasa tutapunguza nini na hatujamaliza?

Akageuza kikombe chake, mashapo mabichi yakaanguka upande wa nyuma.

Yule mama wa mifano ya treni akasimama mbele yetu, mfuko wa turubai begani, akaomba kahawa. Nikainamisha birika. Likatoa matone mawili; wazee walikuwa wamelimaliza. Akaweka kikombe chini, akautazama ubao, kisha akatoa mfukoni treni yenye urefu wa kidole.

— Sasa hii inapita wapi?

Profesa aligeukia njiti zake za ufagio. Breki aliinama akaitafuta reli kushoto, kisha kulia. Kimya, kwa mara ya kwanza, alifanana na jina lake.

Nilitaka kuwashtaki wote watatu. Lakini nilichukua brashi yangu, nikang'oa njiti za ufagio, nikaanza kufagia taratibu. Maganda ya vitunguu yakaruka. Kokoto zikamwagika. Vyao havikuwa na gundi; vyangu vilikuwa vimeshika. Taruma moja likaonekana, la pili, kisha reli yote. Upande wa nyuma tu mashapo ya Breki yalikuwa yamenasa kwenye gundi mbichi, yameziba kipande nilichobakiza. Yalifanana na udongo ulionyeshewa. Nikayaacha.

Kimya: Si nilisema mvua itanyesha?

Yule mama akayagusa kwa ncha ya kidole.

— Mabichi haya. Utayafanyaje?

— Nitayakausha juani leo leo, kabla hayajaota ukungu.

Akaiweka treni kwenye reli, akaisukuma. Ikakizunguka kilima chote bila kukwama.

— Jumatatu saa mbili, alisema. Njoo na brashi yako.

Alipokwisha kukata kona, Breki akajinyoosha kama kwamba ameniajiri yeye.

Breki: Nilikwambia. Bandu bandu huisha gogo.

Safari hii methali ilikuwa imekaa mahali pake: nilikuwa nimepunguza kidogo kidogo mpaka reli ikaonekana.