MCA Anayekimbia Alfajiri

Gari la Kajiado lilikuwa halijafika Isinya wakati Nalianya alipotoa karatasi ya kukusanya sahihi za kumwondoa MCA, mwakilishi wa wadi yao kwenye bunge la kaunti. Suti yake ilikuwa mpya. Uchaguzi haukuwa mbali.

"Mama, weka sahihi. Huyu MCA wetu alitoka Burundi kukimbia marathoni, akaoa hapa, sasa anatutawala. Arudi kwao!"

"Na wewe Nalianya, kwenu si Bungoma?" akauliza mama wa mboga aliyeketi kando yake. Watu wakacheka. "Hao MCA wengine walipita na vioo vya magari vimefungwa. Huyu kila alfajiri anakimbia wadi nzima kwa miguu. Akikuta bomba limepasuka, anawasumbua watu wa maji mpaka waje."

"Kukimbia si uongozi, mama!"

"Kwani kulala mkutanoni ndio uongozi?"

Nyuma yao aliketi mzee Katoo. Mkewe alifia kwenye kivuko cha mto kilichojaa maji, akipelekwa hospitali, mahali palipoahidiwa daraja katika kampeni tatu.

Nalianya akamgeukia. "Mzee, weka yako. Wewe mwenyeji utanielewa."

"Kijana," akasema Katoo, "wote walioniahidi hilo daraja walizaliwa hapa hapa."

Gari likasimama kituoni Kajiado. Mama na Nalianya walishuka wakiendelea kubishana. Katoo alibaki ameketi, akiwaza kile kivuko, mpaka makanga aliyekuwa akikusanya nauli akamwambia wamefika.