Mama Ukindu na Mlinzi Aliyemkamata

Ndugu waombolezaji, wakwe, majirani, na ninyi wa nyuma mliokosa viti mkakalia mikeka, mimi shangazi yake ndiye niliyeambiwa nisome, tulieni, na nikicheka msinishangae, huyu mtoto huwezi kumlilia bila kumcheka.

Marehemu wetu, Mama Ukindu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, nyumba ya mwisho kabla ya geti la msitu, binti wa kaka yangu mrina asali, akasoma shule ya msingi hiyo ya mlimani mpaka darasa la saba, 1982, akatoka anajua kusoma, kuandika, na kujibu.

Kazi yake mmeikalia, mikeka hiyo ni mkono wake. Msitu ulipofungwa kuwa hifadhi tuliachiwa kuingia Jumanne peke yake, kuchukua kuni zilizokauka, mizizi ya dawa, na ukindu wa kusukia mikeka, na ukindu una mwiko wake, kila shina unakata jani changa moja, ambalo bado limefumba, linalofuata unaliacha.

Sasa mwaka 1990 huyu si akaingia Jumatano! Akakamatwa na mlinzi mgeni, mrefu kama mlingoti, mzigo ukabaki ofisini. Jumapili mlinzi huyo huyo, huyooo kwa kaka, mzigo kichwani, eti anaurudisha usije ukaharibika. Kaka akaninong'oneza, "Dada, huyu hajafuata ukindu." Wakaoana tarehe 3 Oktoba 1991, maneno yakawa mengi, binti kaolewa na fimbo inayotuchapa, mgeni hana kwao hapa, akistaafu ataondoka. Wakajaliwa mabinti wawili, hawa hapa mbele. Na mkwe alimkamata mkewe mara ya pili, akamwandika jina kama hamjui, siku hiyo akalala na njaa yake!

Juni mwaka jana kifua kikambana Mama Ukindu, akalazwa, msituni hafiki tena. Mkwe, kishastaafu, akapanga foleni ya Jumanne na wanawake. Miaka yote anakamata ukindu, kuukata hajui, akaogopa kuumiza mti, akaleta majani makuukuu, magumu. Mgonjwa akacheka mpaka nesi akaja mbio, "Baba wee, nimekuagiza mkeka, umeniletea ufagio!" Na akaufunga ufagio wenyewe pale pale kitandani, hakumvunja moyo. Mimi akanishika mkono, "Shangazi, nikiondoka msimwache aondoke." Alifariki tarehe 21 Februari mwaka huu, asubuhi, mumewe kando yake.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ile, majirani mliolala hapa, walinzi wa geti, na kina mama wenzake wa ukindu, Mungu awalipe.

Mkwe wangu, jana jikoni uliniuliza uhame lini, ukiongea kama mgeni anayeaga. Jibu nalitoa mbele za watu: huhami, wewe ni wa nyumba hii. Anayebisha asimame.

Mmeona? Wote wamekaa. Kaa na wewe, baba, futa machozi.

Mwanangu, mumeo tunaye. Lala sasa, pumzika kwa amani.