Mlango wa Mwalimu Ndevu

Benchi letu liko Hai Mauna, hapa Juba, kati ya kibanda cha Riang cha kutengeneza simu na jiko la kahawa la Aidah, Mganda aliyehamia kona hii wiki iliyopita na bado anatafuta ni yupi kati yetu mwenye akili. Atatafuta sana. Mimi huketi upande wenye ukuta wa kuegemea, na hiyo ni heshima. Zamani, kambini Kakuma, mimi ndiye niliyetafsiri filamu za karate za Kichina kwenye kibanda cha video, kipaza sauti mkononi, na hawa wenzangu walikuwa watoto waliokaa chini mchangani. Wananiita Pasipoti kwa kuwa nimezunguka nchi saba na kufukuzwa katika tatu. Asubuhi hiyo walikuwa wamemaliza kuangalia, kwenye simu ya Riang, toleo jipya la filamu yetu kuu, ile ya Mwalimu Ndevu. Walikuwa wamenuna kama mtu aliyenunua simu akakuta sabuni ndani ya boksi.

— Wameiharibu, manze! alisema Puok, fundi wa umeme. Mwanafunzi alimtoroka mwalimu akiwa mgonjwa, sindio? Amerudi, amepiga magoti kwenye mvua, na mzee anafanya nini? Anamfungulia mlango! Anampa na supu!

— Supu! alisema Riang, kana kwamba ametukanwa.

— Ile yetu ilikuwa na adabu, alisema Puok. Mlango, pwaa! Pasipoti, hebu sema kama siku zile.

Nikakohoa, nikaishusha sauti mpaka tumboni:

— "Uliniacha ninaumwa. Sasa nimepona, sikujui. Nenda!"

Benchi zima likapiga makofi.

— Shida ni chakula, alisema Riang. Mastaa wa siku hizi wanakula tambi laini. Mtu wa tambi hawezi kufunga mlango kwa nguvu.

— Hujui kitu, ya akhui, ndugu yangu, alisema Edrine wa bodaboda. Ile mutu si mutu, iko kompyuta. Kompyuta itafunga mlango na mikono gani?

— Mbona imefungua? aliuliza Riang.

— Kufungua ni rahisi. Upepo inasaidia.

— Basi ni akina mama. Siku hizi wao ndio wanajaza sinema. Wakiona mlango umefungwa wanalia, hawarudi tena. Kampuni ikaogopa, kalas, mzee akapika supu.

Puok hakucheka.

— Mimi nimeishi na maneno ya yule mzee, alisema. Mnajua habari ya Duop.

Tunaijua. Duop ni kaka yake, aliyeondoka kambini bila kuaga, mama yao akiwa kitandani, akamwacha Puok wa miaka kumi na minne amuuguze peke yake hadi siku ya mwisho. Sasa yuko hapa Juba, amefikia mtaa wa Hai Jalaba, na mara tatu ametuma watu kuomba aonane na mdogo wake.

— Leo ametuma wa nne. Kesho anarudi Malakal. Nikasema aende tu. Sisi tulifundishwa.

Aidah, aliyekuwa akinimiminia kahawa, akauliza kwa upole:

— Sebo, mzee wangu, samahani, mimi iko nauliza tu. Hiyo Kichina wewe ulisomea wapi?

Riang akaniangalia. Edrine akaniangalia. Ningeweza kusema Guangzhou. Nimefika, nikanunua matairi, nikarudi na maneno mawili, moja likiwa "ghali". Lakini hiyo ilikuwa miaka kumi baada ya kibanda cha video.

— Sikusoma, nikasema.

— Ati?

— Sijui Kichina, Puok. Nilikuwa natunga. Nikiona mtu ana ndevu, nampa hekima.

— Lakini mlango, buda! Mlango tuliuona!

— Mliuona ukitikisika. Halafu mashine ikala mkanda, ikaja mistari myeupe. Hata mimi sijawahi kuuona mwisho ule. Jenereta ilikuwa inakohoa, mafuta yanaisha. Nikafikiri, mlango ukifunguliwa mtataka kujua waliambiana nini, wakala nini. Ukifungwa, mnakwenda nyumbani. Nikaufunga.

Niliyasema hayo nikitazama kikombe. Mdomo wangu umewahi kuwachekesha askari wa mipaka mitano. Siku hiyo haukunipa hata kichekesho kimoja cha kujifichia.

Puok akaweka kikombe chake chini.

— Unajua kwa nini Duop anatuma watu, haji mwenyewe? alisema. Hata yeye alikuwepo siku ile. Tulikaa naye mbele kabisa.

Nikainuka.

— Kaa hapa wewe, nikamwambia. Huu ukuta si wangu.

— Sitaki ukuta wako. Edrine, washa pikipiki. Na wewe, panda.

— Mimi? Nikafanye nini?

— Uliufunga wewe. Utabisha wewe.

Tukabanana watatu, mimi katikati. Njia nzima nilijaribu kuitafuta sauti ya Mwalimu Ndevu, nione kama ina maneno mengine. Haikuja. Hai Jalaba, mbele ya mlango wa bati, Puok akasimama nyuma yangu, nami nikabisha kwa sauti yangu mwenyewe, nyembamba, ambayo benchi halijawahi kuisikia:

— Hodi.

Ndani, mtu aliyekuwa akiongea akanyamaza. Bati likatikisika.