Uliza Kabla Hujainama: Miaka Ishirini na Saba ya Verna Koskela

"Ganda la risasi likishagusa sakafu halina mwenyewe." Ndivyo alivyoandika katibu wetu, Dale Hruska, katika toleo lililopita la jarida hili, akipendekeza kibao cha onyo cha Verna king'olewe ukutani siku ileile Verna atakapoondoka. Ni sentensi fupi, inakaa vizuri mdomoni, na si kweli. Dale anajua si kweli. Nitaeleza anajuaje.

Verna Koskela, msimamizi wa uwanja wa Klabu ya Shabaha ya Bonde la Otter, anastaafu tarehe 30 Novemba, siku msimu wa kuwinda kulungu unapofungwa, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyejeruhiwa kwa risasi uwanjani petu. Anayeona hilo ni jambo la kawaida aje wiki moja kabla ya msimu kufunguliwa, awaone watu ambao bunduki zao hazijatoka kabatini tangu mwaka jana, wote wakitaka meza ya kufyatulia kwa wakati mmoja.

Alitukuta katika vurugu. Wengi wetu tunajaza risasi zetu wenyewe nyumbani, kwa hiyo ganda tupu la shaba kwetu si takataka; linasafishwa, linatiwa fataki ya kuwashia na baruti mpya, linarudi kazini. Basi watu waliyagombania maganda. Waliinama kati ya meza huku jirani akiendelea kufyatua. Wiki yake ya kwanza, Orville Teague alivuka mstari mwekundu ulio mbele ya meza kufuata maganda matatu yaliyorukia mbele, na meza mbili bado zikifyatua. Verna akapandisha bendera ya kusitisha ufyatuaji.

"Sitisha! Bwana Teague, mkeo anataka maganda au anakutaka wewe?"

"Inategemea umemuuliza siku gani, mama," Orville akajibu.

Uwanja mzima ulicheka, Verna naye akacheka. Kisha akamfungia mwezi mmoja.

Jumatatu iliyofuata kibao kilikuwa ukutani, ubao wa msonobari, rangi nyeupe, mwandiko wake mwenyewe: ULIZA KABLA HUJAINAMA. Maana yake tumefundishwa sote. Huokoti mtu akiwa anafyatua. Lililoangukia mbele ya mstari linangoja bendera. Na ganda la jirani huligusi bila idhini yake, hata kama limetua juu ya kiatu chako.

Si kwamba alikuwa mkali tu. Yupo mchungaji mmoja, jina lake nalihifadhi, ambaye ganda la moto lilimtumbukia ndani ya kola akaanza kurukaruka na bunduki mkononi. "Bunduki mezani kwanza, mchungaji," Verna akamwambia kwa upole, "halafu cheza upendavyo." Ndiye pia aliyetuletea pasti, mikate ya kuoka iliyojazwa nyama na viazi, kila Jumamosi ya baridi, na aliyeondoa theluji njiani kabla yetu sote kuamka. Alijua rangi ya wino ambayo kila mwanachama hupaka kwenye vitako vya maganda yake: ya kijani ya mzee Eino Maki, ya zambarau yangu mimi. Likipotea ganda, alijua limepotelea mfukoni mwa nani.

Sasa turudi kwa katibu. Miaka kumi na minne iliyopita, mzee Eino alimaliza kufyatua akatoka kwenda garini. Chini ya meza yake yalibaki maganda ishirini, yanang'aa. Dale akainama. Kiatu cha Verna kikatangulia kikayafunika.

"Dale, umemuuliza Eino?"

"Ya nini, mama? Kayaacha mwenyewe. Nani ana muda wa kuulizana?"

"Mimi ninao. Nitasimama hapa mpaka arudi."

Eino akarudi na koleo la kubania mkononi. "Usiyaguse hayo, kijana! Nimeyajaza mara kumi na moja, yamechoka. Nimefuata koleo niyabonde, asije mtu akayaokota." Akampa moja alitazame. Karibu na kitako, shaba ilikuwa na mstari mwembamba unaong'aa, na kwenye mstari huo, ufa. Ganda la namna hiyo likijazwa tena hupasuka ndani ya bunduki, na moto hurudi usoni kwa aliyeishika. Dale alikuwa amenuia kuyajaza usiku huohuo. Eino akalibonda lile ganda, akampa. "Shika. La kumbukumbu."

Ndiyo maana sentensi ya katibu imekufa kabla ya kufika kwenye kura ya bodi. Ganda lililo sakafuni lina mwenyewe: ni yule anayejua limepitia nini. Kuuliza si adabu ya kupambia uwanja. Ni njia pekee ya kujua unachokiweka mbele ya jicho lako. Anayesema tumekuwa wakubwa mno kwa kibao hiki anasema tumekuwa wengi mno kuambiana ukweli.

Verna, umetulinda wakati sisi wenyewe tulikuwa tunalinda shaba. Asante kwa sauti yako, kwa pasti zako, na kwa kiatu chako. Nenda ukae kwenye sauna yako, kile chumba cha mvuke kando ya ziwa, ulale mpaka saa mbili asubuhi, na miaka yako ijayo iwe mirefu na isiyo na kelele.

Nanyi wajumbe wa bodi, mtakaopiga kura Jumamosi kabla ya keki ya kumuaga kukatwa: kiacheni kibao mahali pake. Na wewe, Dale, nina dai moja tu. Lile ganda lililobondwa ungali unalining'iniza kwenye funguo zako, nililiona Jumanne. Lifungue, liweke mezani mbele ya Verna, ndipo uinue mkono wako.